Kabla hujampeleka mgonjwa wa valvu kupima eko

Nyinyi wenye ndugu aliyewekewa valvu ya chuma kwa moyo, yaani kijilango cha kupitisha damu, sikilizeni. Eko ni kupima moyo kwa mawimbi ya sauti. Ile ya kifua haitaki njaa, mtu anywe chai yake na chapati. Ile ya kupitisha bomba kooni ndiyo inataka tumbo tupu, masaa 6 hivi. Wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, haiachwi eti kwa sababu ya eko, na daftari la INR, kile kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, libebe. Avae blauzi ya kufunguka mbele. Basi.

Sasa bebeni pia kadi ya valvu na ripoti ya eko ya kwanza, ile ya wiki chache baada ya operesheni. Hapa ndipo tuliungua sisi. Dada yangu ana valvu ya maitro, ile ya kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, yenye vibawa viwili vinavyofunguka na kufunga, na makaratasi yake yalibaki Arua kwenye sanduku la mama. Tumesafiri na basi la usiku, taksi ikatushusha mbali, dada akapanda kilima kwa miguu na kahoma kake, tukaingia kliniki moja hapa Kampala, hata hajapumua vizuri ashapakwa jeli, dakika kumi tu tukaambiwa presha kwenye valvu (si ya mkono, ni tofauti ya presha kati ya mbele na nyuma ya valvu) ni 11, imeziba, pengine damu imegandia pale, tafuteni pesa kifua kifunguliwe tena. Mama aliuza ng'ombe wawili jioni hiyo hiyo, bei ya kutupa.

Hospitali ya pili daktari akauliza, mapigo yalikuwa ngapi? Haikuandikwa. Na eko ya kwanza ilisema ngapi? Tukatazamana. Akatueleza kwamba dopla, ile sehemu ya eko inayofuata mwendo wa damu, haipimi presha, inapima kasi ya damu, halafu inazidisha kasi kwa kasi, kisha mara 4. Mita 2 kwa sekunde inatoa 16, mita 3 ni 36 tayari, yaani kasi ikipanda kidogo presha inaruka. Damu kupita kwenye vibawa vya chuma lazima ivurugike, hata valvu mpya inaonyesha rangi-rangi kwa skrini. Na moyo ukienda mbio, ile valvu inapata muda mfupi wa kupitisha damu, sasa damu itafanya nini kama si kukimbia? Kupima malaria, ipo. Kiwango cha damu, 7, kidogo sana. Akatibiwa, akaongezewa damu, mwezi ukapita, eko tena: mapigo 74, presha 5. Ya sandukuni tulipoipata imeandikwa 4! Ng'ombe washaliwa.

Kwa hiyo fikeni mapema, mgonjwa akae nusu saa atulie. Kama ana homa, mimba ama damu kidogo, semeni kabla hajalala kitandani. Mapigo, presha ya mkono, urefu na uzito, vyote viingie kwenye ripoti, ukiona havipo rudi ndani udai. Mpimaji asiharakishwe pia, mwale wa sauti wa mashine ukikaa upande, usifuate njia ya damu, kasi inatoka ndogo kuliko ilivyo. Na wakitaka bomba la kooni msikatae, chuma kinatupa kivuli kwenye picha ya eko ya kifua, damu inayovuja nyuma ya valvu inaweza kujificha humo.

Lakini ile tik-tik ya valvu ikififia, ama pumzi ikakata, mkono ukalegea, mkojo ukawa kama chai ya rangi, hapo usingoje tarehe ya kliniki, nenda usiku huo huo.

Ripoti ipige picha kabla hujatoka getini, mtumie mama, mtumie mjomba. Nauli ya kurudi iweke mfuko wa ndani, taksi paki ina mikono mingi.