Duara la mchanga la watu wanne

Kazi hii ya kuchora duara kwa mchanga wa rangi tunaifanya chini, juu ya mkeka, kwa sababu meza yangu ya chakula ina mguu uliolegea. Mchanga na meza inayotikisika havipatani. Mtu ataegemea kidogo tu, na ua lililochorwa kwa saa nzima litahama kama limesukumwa na maji. Basi ukianza, anzia sakafuni, na feni uizime.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, na ninaishi Clarkston, mji mdogo kando ya Atlanta, Marekani. Mji huu umepokea wakimbizi wengi. Ghorofa ya juu yangu wanakaa Wakongomani waliotoka kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ile iliyofunguliwa mwaka 1996. Mlango wa pili kuna familia ya Wabhutani wanaosema Kinepali. Tulikuwa tunasalimiana kwa mikono ngazini, basi. Kilichotukalisha pamoja ni mchanga.

Niliuona kwanza Chuo Kikuu cha Emory, kwenye jumba la makumbusho la Michael C. Carlos, ambako watawa wa Kitibeti wa Drepung Loseling walikuwa wakitengeneza mandala ya mchanga wa rangi. Neno hilo ni la Kisanskriti, maana yake duara. Monasteri yao ya asili iko Tibet. Baada ya machafuko ya mwaka 1959 watawa waliokimbia waliianzisha upya kusini mwa India, na Atlanta wana tawi. Watu wa nchi za Magharibi walianza kuona kazi hii hadharani mwaka 1988, watawa wa monasteri ya Namgyal walipotengeneza mandala iitwayo Kalachakra kwenye makumbusho jijini New York. Hiyo ina miungu 722 ndani ya duara moja. Kwao ni ibada, si mapambo. Mimi ni Mwislamu, na nilipoamua kujaribu nyumbani nilijiwekea mpaka: sichori miungu yao wala alama zao takatifu. Ninachoazima ni namna ya kukaa, namna ya kumwaga mchanga, na namna ya kuufagia. Wageni wangu nao nawaambia hivyo hivyo kabla hawajavua viatu, ili Mkristo, Mhindu na Mwislamu wakae wakijua wanafanya nini.

Kilichonishika pale makumbusho ni ramani ya mandala. Katikati kuna kasri lenye malango manne, kisha kuta, kisha duara za nje moja baada ya nyingine. Nikasema moyoni, hii mbona ni kanga! Sehemu ya katikati ya kanga tunaiita mji, na pembeni inazunguka pindo. Tangu siku hiyo, ninapowafundisha wanaojua Kiswahili, sisemi "kituo" wala "ukingo wa nje". Nasema mji na pindo, na kila mtu anaelewa aanzie wapi.

Tuje kwenye mchanga wenyewe. Kwa duara la sentimita 50 mtatumia chini ya kilo moja, lakini andaa kilo mbili maana kila rangi lazima ibaki ya akiba. Tafuta mchanga mweupe. Huku unauzwa kwenye mifuko kwa ajili ya watoto kuchezea. Mchanga wa kahawia haukubali njano, unageuka tope. Wa ufukweni una chumvi, unavuta unyevu na kugandamana kwenye koni. Uoshe mpaka maji yawe safi, uanike, kisha uchekeche kwa chujio la chai. Usiutwange ili uwe laini zaidi. Vumbi la mchanga uliosagwa linaumiza mapafu, na hata wakati wa kuchekecha mimi huvaa barakoa na kufanyia nje.

Kutia rangi: kikombe kimoja cha mchanga, nusu kijiko cha chai cha rangi ya chakula, kijiko kimoja cha spiriti ili ukauke upesi. Weka kwenye mfuko wa nailoni, funga, tikisa, fikicha mpaka pasibaki punje nyeupe. Anika juu ya gazeti siku nzima, kisha chekecha tena. Rangi tano zinatosha: nyekundu, njano, kijani, buluu, na nyeupe isiyotiwa kitu.

Mara ya kwanza sikutumia mchanga. Nilinunua unga wa sembe, nikaona ni rahisi, tena unapokea rangi vizuri. Mama mmoja wa Uvira, Kongo, aliyeishi kwa mgao kambini miaka kumi na minne, akauangalia ule unga kwenye sinia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, huu unga wote tunaumwaga chini?" Nikaurudisha kwenye mfuko, tukapika ugali, siku ikaishia hapo. Jirani yetu Mbhutani alilelewa akichora rangoli mlangoni kwa unga wa mchele wakati wa sikukuu ya Tihar, na kwake ni baraka. Lakini pale palikuwa na mtu ambaye unga ulimuuma, na mchanga haumuumi mtu. Kabla hujachagua cha kuchorea, waangalie utakaokaa nao.

Watawa hutumia koni ndefu ya chuma iitwayo chakpur, yenye makunyanzi ubavuni. Wanayasugua makunyanzi hayo kwa fimbo ya chuma, koni inatetemeka, na mchanga unatiririka punje chache chache kama maji. Sisi tunakunja karatasi. Chukua ukurasa wa gazeti la rangi, ule unaoteleza, uukunje kama muuza karanga anavyokunja kikoni chake, ubane kwa selotepu, kisha ukate ncha ibaki tundu la milimita mbili. Ukitaka ifanane zaidi na ile ya watawa, bandika kipande cha chanuo ubavuni mwa koni, meno yakiangalia nje, halafu pitisha kijiko juu ya meno. Mlio wake ni krrr, krrr, na watu wanne wakifanya kwa pamoja chumba kinakuwa na mlio kama wa mvua ndogo juu ya bati.

Waliozoea kupaka hina wana mkono tayari, ila wana kosa moja wote: wanaibinya koni. Hina hubinywa, mchanga haubinywi. Ukibinya unaziba. Inamisha koni, gonga au sugua, acha ushuke wenyewe.

Ubao wangu ni plaiwudi ya sentimita 60 kwa 60, nimeupaka buluu iliyokolea ili rangi zionekane. Pigilia kijipini katikati, funga uzi, na kwa chaki chora miduara minne: ya sentimita 4 kutoka katikati, ya 10, ya 18 na ya 25. Kisha ugawe ubao robo nne kwa mistari miwili inayokatana. Kila mtu akae kwenye upande wake, robo yake ikiwa mbele yake. Mkiwa wawili, kila mmoja achukue robo mbili. Wakiwa sita nawaambia wawili wawe wajazaji wa koni, wabadilishane baada ya muda.

Punje za kwanza katikati ya mji huwekwa na aliye mkubwa kwa umri. Baada ya hapo wote wanatoka ndani kwenda nje, kwa mwendo mmoja. Ukimwacha mtu aanze na pindo, baadaye atainama kufikia ndani na mkono wa gauni utafagia alichochora. Mikono ya nguo ikunjwe, shela zifungwe nyuma, na saa ya mkononi ivuliwe. Duara la ndani na la pili tunakubaliana mapema: petali tatu kwa kila robo, rangi zilezile, ili duara lishikane. La tatu kila mtu anachora lake. Mimi wa Tanga ninachora korosho, kama ile ya kwenye kanga. Mama wa Uvira huchora mawimbi ya Ziwa Tanganyika, na hajawahi kuchora kitu kingine. Duara la mwisho ni pindo, na hilo linakuwa moja kwa wote.

Sasa nisikilizeni kwenye jambo hili, maana ndilo lililonifanya niandike. Kwenye ule mstari unaotenganisha robo yangu na yako, tunaacha nafasi ya upana wa vidole viwili. Haijazwi na mtu peke yake. Mkeka unashonwa kwa vipande virefu vya ukili, yaani mikanda iliyosukwa, na ukili bila kushonwa si mkeka, ni kamba tu. Ile nafasi ya vidole viwili ndiyo mshono wetu. Robo zikishakamilika, jirani wawili wa kila mstari wanaijaza pamoja, koni mbili kwa wakati mmoja, baada ya kukubaliana rangi. Kwa kuwa kila mtu ana jirani kulia na kushoto, kila mtu anashona mara mbili.

Siku moja mshono ulimwangukia yule mama wa Uvira na bibi wa ile familia ya Wabhutani. Bibi hajui Kiswahili, mama hajui Kinepali, na Kiingereza cha wote wawili kinaishia kwenye bei za dukani. Bibi akaonyesha kopo la nyekundu. Mama akatikisa kichwa, akaonyesha la buluu. Bibi akalirudisha la buluu mahali pake, kwa heshima lakini kwa uthabiti. Nilitaka kuingilia, nikajizuia. Wakakaa wanaangalia ubao muda mrefu. Mwishowe bibi akaweka kitone chekundu, akamwangalia mwenzake, mama akaweka cha buluu kando yake, na wakaenda hivyo mpaka kwenye pindo, kitone kwa kitone, bila hata kimoja kugusana. Sasa wanakwenda wote sokoni Jumamosi asubuhi. Mama anamwita bibi "didi", dada mkubwa kwa Kinepali, ingawa bibi angeweza kuwa mama yake.

Nusu saa ya kwanza naomba tusiongee. Simu zinabaki kwenye kikapu mlangoni. Sina haja ya kumfundisha mtu kupumua, kwa sababu ukishusha pumzi kwa nguvu unapeperusha punje zako mwenyewe. Baada ya dakika chache utawaona wote wanapumua taratibu, kichwa kimegeuzwa kidogo pembeni. Mimi ninayetoka zamu ya usiku nikiwa na mabega magumu kama ubao, huyasikia yakilegea nikifika kwenye duara la pili. Ukimya ukiisha, maneno yanakuja yenyewe, na yanakuja kwa urahisi kwa kuwa hakuna anayekutazama usoni. Macho yote yako chini. Nimesikia mambo pale ambayo hayajasemwa kwenye sebule yangu kwa miaka mitatu ya kunyweshana chai. Siyaandiki hapa.

Ukikosea, usifute kwa kidole. Sukuma punje kwa ukingo wa kadi ngumu, au mwaga rangi nyingine juu yake. Ukipiga chafya, geuza mwili wote nyuma, si shingo tu. Mlango ukifunguliwa ghafla mkapoteza nusu ya robo, jazeni tena mkiwa wote, asiachiwe mwenye robo peke yake. Kazi nzima, kwa ukubwa huu, huchukua saa mbili na nusu hadi tatu.

Kisha kufagia. Watawa wakimaliza, baada ya siku au majuma ya kazi, wanaikata mandala kwa mistari, wanaukusanya mchanga katikati, wanawagawia waliohudhuria kiasi kidogo, na mwingine wanaumwaga kwenye maji yanayotiririka. Sisi tunakaa kwanza na duara letu robo saa, tunakunywa chai ya tangawizi, anayetaka anapiga picha. Halafu kila mtu anaweka kidole kwenye pindo, palipo na mshono wake, anakivuta polepole mpaka katikati ya mji. Watoto huitwa hapo, wapewe brashi laini. Kila mmoja huondoka na kijiko kimoja cha mchanga kwenye kipakiti. Unaobaki usiumwage kwenye sinki, utaziba bomba.

Ila uliza kwanza. Kabla hamjaanza, sema wazi kwamba mwisho wake duara litafagiwa, na kwamba mtu anaweza kukataa. Si kila aliyepoteza nyumba anapenda kuona kitu alichokijenga kikiondolewa. Mwaka jana mgeni wetu mmoja, binti aliyetoka Kivu akiwa mtoto, alifika hapo akaweka kiganja juu ya robo yake, akasema yake isiguswe. Tukafagia robo tatu, ya kwake tukaiacha, tukauinua ubao taratibu mpaka juu ya kabati. Ulikaa pale majuma matatu na sikuwasha feni chumba kile. Jumanne moja jioni alibisha hodi akiwa na brashi yake mwenyewe mfukoni. Nilimshushia ubao, nikaenda jikoni kuchemsha maji, na niliporudi alikuwa amemaliza, ameshika kopo anatafuta kifuniko.

Mchanga uliochanganyika hugeuka rangi ya majivu. Tunauweka kwenye kopo hilo moja, wote, wa kila mwezi, na siku hizi ndimo tunamochota mchanga wa pindo.