Tu au Lei: kumwita mtu kwa heshima nchini Italia

Anayefika Italia na Kiitaliano cha ufukweni, kile kinachosikika Malindi, Watamu au Kiwengwa, hufika akimwambia kila mtu *ciao* na *tu*, yaani "wewe" wa kirafiki. Mtalii aliye likizoni hajali. Karani wa Questura (makao ya polisi), daktari na mwenye nyumba wanajali. Mtu mzima usiyemjua mwite *Lei*, yaani "wewe" wa heshima, mpaka yeye mwenyewe akuruhusu kumwita *tu*.

Ukitumia *Lei*, unazungumza na mtu ana kwa ana lakini kitenzi unakiweka katika nafsi ya tatu umoja. *Abiti* (unakaa) inakuwa *abita*, *hai* (una) inakuwa *ha*, *sei* (wewe ni) inakuwa *è*, *puoi* (unaweza) inakuwa *può*, *vuoi* (unataka) inakuwa *vuole*. Kiwakilishi chenyewe mara nyingi hakitamkwi, kwa sababu mwisho wa kitenzi unatosha, kama nasi tunavyosema "unakaa wapi" bila kuongeza "wewe". Kwa hiyo kati ya *Dove abiti?* na *Dove abita?* heshima yote imo katika sauti ya mwisho, na mtu anaweza kukosa adabu bila kulitamka neno *tu* hata mara moja.

*Lei* hiyohiyo pia ni "yeye" wa kike. Mume na mke wakiwa mbele ya dirisha la ofisi, karani akamtazama mume na kuuliza *Lei dove lavora?*, anamuuliza mume kazi yake, si ya mkewe. Habari za mke angeziuliza kwa kusema *Sua moglie* (mke wako). Vivumishi navyo hufuata jinsia ya anayeulizwa: mwanamume ataulizwa *È sposato?* (umeoa?), mwanamke *È sposata?* (umeolewa?)

*Suo* (-ako ya heshima) haitusumbui sana, maana hufuata kitu kinachomilikiwa, kama chako na yako zinavyofuata kitabu na nyumba: *il Suo passaporto*, *la Sua residenza*. Penye shida ni *La* na *Le*, yaani "-ku-" ya heshima. Kumshukuru mtu ni *La ringrazio*; kumtumia kitu ni *Le mando i documenti*. Maneno hayo hayabadiliki hata unayemwambia akiwa mwanamume. Wengi, wakiona mbele yao yuko bwana, hurukia *lo* na *gli* ("-m-" ya mwanamume), na hapo msikilizaji anaelewa kwamba anazungumziwa mtu wa tatu asiyekuwepo.

Kuomba na kuagiza

Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea, kwa sababu irabu za mwisho zinabadilishana nafasi. Vitenzi vingi vya *-are* huishia na *a* kwa *tu* na *i* kwa *Lei*: *scusa, scusi* (samahani), *aspetta, aspetti* (subiri), *firma, firmi* (tia sahihi). Vya *-ere* na *-ire* hufanya kinyume: *prendi, prenda* (chukua), *senti, senta* (sikiliza), *vieni, venga* (njoo). Kwa hiyo *aspetti* ni ya heshima, ila *senti* si ya heshima. Usikisie kwa sikio. Kariri kila kitenzi na jozi yake.

Viwakilishi vidogo navyo vinahama. Kwa *tu* hushikamana na kitenzi kwa nyuma: *dimmi* (niambie), *dammi* (nipe), *accomodati* (karibu, keti). Kwa *Lei* hutangulia: *mi dica, mi dia, si accomodi*. Ukifika dirishani ukaambiwa *Mi dica*, umekaribishwa kwa adabu ueleze shida yako.

Kosa linalosikika kuliko yote ni kuchanganya: *Scusi, mi puoi aiutare?* (Samahani, unaweza kunisaidia?) Umeanza na *Lei* ukamaliza na *tu*. Sema *Scusi, mi può aiutare?* Na salamu iende sambamba: *ciao* ni ya *tu*, *buongiorno*, *buonasera* na *arrivederci* zinafaa kwa *Lei*. Kama huna hakika, *salve*, salamu ya katikati, inakufaa mwanzoni.

Waliozoea Kifaransa

Wenzetu wa Kongo, Burundi na Rwanda hutafuta *voi* (ninyi) badala ya *vous*, "ninyi" ya Kifaransa ambayo pia ni "wewe" wa heshima. Kusini, hasa Napoli na vijijini, bado kuna wanaomwambia mzee mmoja *voi* kwa heshima, na utaeleweka. Milano au Torino itashangaza. Utawala wa Mussolini uliipiga marufuku *Lei* mwaka 1938 na kuamuru *voi*, lakini baada ya utawala huo kuanguka *Lei* ilirudi. Leo *voi* itumie kwa watu wawili na zaidi, wawe wakubwa au rafiki.

Nani anaruhusu

Ruhusa hutolewa na mkubwa kwa umri au cheo: *Possiamo darci del tu?* (Tuitane *tu*?) Jibu ni *Certo, volentieri* (Ndiyo, kwa furaha), na kuanzia hapo usirudi kwenye *Lei*, maana utaonekana umenuna. Wanafunzi wa chuo wao kwa wao, na wafanyakazi wa ngazi moja, huanza na *tu* siku ya kwanza. Profesa, daktari, polisi na mwalimu wa mtoto wako ni *Lei*. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kumwambia mwalimu wake *tu*. Wewe mzazi usimwige.

Jambo moja lisemwe wazi. Wageni wengi, hasa Waafrika na wanaotunza wazee majumbani, huambiwa *tu* na watu wasiowajua, huku wao wakitarajiwa kujibu kwa *Lei*. Mtu mzima ana haki ya kuheshimiwa sawa na mwingine. Endelea na *Lei* bila kuyumba, wengine watajirekebisha. Asiyejirekebisha mwambie kwa upole: *Mi dia del Lei, per favore* (Niite *Lei*, tafadhali). Ni sentensi ya adabu kabisa, wala haivunji sheria yoyote. Kwa mama mzee unayemtunza, *signora* (bibi) pamoja na jina lake na *Lei* ndiyo njia salama, mpaka aseme vingine.

Vyeo na barua

*Signore* (bwana), *dottore*, *professore* na *ingegnere* (mhandisi) hupoteza *e* ya mwisho mbele ya jina: *Signor Rossi, Dottor Rossi*. *Dottore* au *dottoressa* si tabibu peke yake. Ni yeyote mwenye shahada ya chuo kikuu, na wewe ukiwa nayo ni haki yako kuitwa hivyo.

Katika barua rasmi *Lei, La, Le* na *Suo* huandikwa kwa herufi kubwa. Kwa mtu mmoja anza *Gentile Dottoressa Bianchi*, kisha *Le scrivo per…* (nakuandikia ili…) Kwa ofisi, kwa mfano ya usajili wa wakazi, anza *Spett.le Ufficio Anagrafe* (*Spett.le* ni kifupi cha *Spettabile*, "mheshimiwa"), kisha *Vi scrivo per…*, kwa kuwa ofisi ni watu wengi. Funga kwa *La ringrazio* au *Vi ringrazio*, kulingana na ulivyoanza, halafu *Cordiali saluti* (salamu njema) na jina lako kamili.