Kuchagua shokapu ya mbele ya baiskeli ya mlimani: pima fremu kwanza, mwendo baadaye

Wateja wengi wanaoniulizia shokapu ya mbele huanza na swali lilelile: "Fundi, hii inabonyea kiasi gani?" Kwangu hilo ni swali la nne. Kabla yake fremu ina neno lake, gurudumu lina neno lake, na kilo zako zina neno lake. Ukianza na mwendo, yaani umbali inaobonyea, unaweza kubeba nyumbani foko (ndiyo hiyo shokapu ya mbele, miguu inayoshika gurudumu) nzuri isiyoingia popote, na aliyekuuzia atakuwa ameshaitia hela mfukoni.

Namwandikia mtu ambaye baiskeli anayo tayari, hasa ya mtumba kutoka Ulaya kama hizi zinazojaa masoko yetu ya Arusha na Moshi, na shokapu yake imekufa. Uwe na kalipa ya kupimia, rula ya chuma, alenki na kalamu. Kama huna kalipa, ichukue fremu kwa fundi wa kukereza vyuma. Atakupimia kwa muda mfupi tu.

Hatua ya 1: Pima shingo ya fremu na shina la foko

Fungua stemu, kile kipande kinachoshika usukani, vua usukani, toa foko ya zamani. Sasa pima shina lake, yaani lile bomba linalopanda ndani ya shingo ya fremu. Utakutana na moja kati ya matatu.

Likiwa na uzi wa skrubu juu na nati kubwa ya kulikaza, na unene wake ni milimita 25.4, hilo ni shina la zamani la inchi moja. Foko za shokapu zinazolifaa ni chache, na nyingi ni za springi za bei ya chini. Mwenye fremu hiyo namshauri abaki na foko ngumu, isiyobonyea.

Likiwa laini bila uzi, unene milimita 28.6 kuanzia juu hadi chini, hilo ni shina lililonyooka. Ndilo lililo kwenye baiskeli nyingi za mtumba za tairi la inchi 26.

Likiwa milimita 28.6 juu lakini linanenepa kuelekea chini hadi kukaribia 40, hilo ni shina la kunenepa. Foko nyingi nzuri za leo zinatengenezwa hivyo, na hapo ndipo shida inapoanza kwa wenye fremu za zamani.

Geukia fremu. Ng'oa vikombe vya beringi, kisha pima upana wa ndani wa shingo, juu na chini. Ukipata 34 juu na 34 chini, unaruhusiwa shina lililonyooka tu. Hakuna tupa wala nyundo itakayopitisha la kunenepa. Ukipata 44 kote kuwili, una bahati: lililonyooka linaingia, na la kunenepa nalo linaingia ukifunga chini kikombe cha beringi kinachokaa nje ya shingo. Ukipata 44 juu na 56 chini, fremu ilitengenezwa kwa shina la kunenepa, ila unaweza kutumia lililonyooka kwa kuweka pete ya kupunguzia chini. Vipimo vingine vipo, kwa hiyo andika ulichopata wala usikisie.

Bado kuna urefu wa shina, na hapa ndipo wanunuzi wa mtumba wanapoliwa. Foko iliyowahi kutumika shina lake limeshakatwa kulingana na fremu ya mtu mwingine. Piga hesabu hivi: shingo ya fremu yako, tuseme milimita 120, jumlisha vikombe vya beringi vya juu na chini, 25, jumlisha kimo cha stemu, 40, na spesa moja, ile pete ya kujazia chini ya stemu, ya 10. Jumla 195. Juu toa milimita 3 hivi, kwa sababu shina likifika usawa wa stemu, kifuniko hakiwezi kukaza beringi. Unahitaji 192. Ukionyeshwa foko safi yenye shina la 170, shukuru na uondoke, hata ikiwa nusu bei. Kuunganisha shina kwa kulehemu ni kujitakia jeneza.

Hatua ya 2: Gurudumu, ekseli na breki

Saizi ya gurudumu isome ubavuni mwa tairi. Kuna namba mbili zenye kistari katikati, mfano 57-559. Ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa: 559 ni inchi 26, 584 ni 27.5, na 622 ni 29. Tafuta foko ya saizi hiyohiyo. Kuweka gurudumu la 27.5 kwenye foko ya 26 ni mchezo ninaouona mara nyingi, na mara nyingine huonekana kama limekubali likiwa limesimama. Toa hewa yote kwenye foko, ikandamize mpaka mwisho, uone kama tairi linagusa kichwa cha foko, pale miguu miwili inapoungana juu. Likigusa hapo, litagusa pia siku unashuka kwa kasi, na gurudumu litasimama wewe ukiendelea.

Ekseli ni fupi kueleza. Za zamani ni za milimita 9, zinachomekwa kwenye mdomo ulio wazi wa foko, na habu, kitovu cha gurudumu, ina upana wa 100. Zinazofuata ni 15 kwa 100, kisha 15 kwa 110, ambayo watengenezaji wanaiita Boost. Za mashindano ya kushuka mlima ni 20 kwa 110. Habu nyingine zinabadilika kwa kubadili vifuniko vya pembeni, nyingine hazibadiliki kabisa. Uliza kabla ya kulipa, maana gurudumu jipya linaweza kukugharimu karibu sawa na foko.

Breki nayo ina masharti. Kama baiskeli yako ina breki za mpira zinazobana rimu, angalia kama foko unayoitaka ina vile vijiti viwili vya kufungia mikono ya breki. Foko nyingi nzuri za leo hazinavyo. Ni za diski peke yake. Maana yake bajeti yako sasa ina foko, habu ya diski, diski, na breki yenyewe. Kwenye foko za diski pima matundu ya kufungia breki: yakiwa na umbali wa milimita 74, ni mtindo unaotumika sasa, yakiwa 51 na boliti zinaingia kwa ubavuni, ni wa zamani na utahitaji adapta. Soma pia saizi ya diski iliyoandikwa. Foko iliyoundwa kwa diski ya 180 kama ndogo kabisa haipokei ya 160.

Hatua ya 3: Kilo zako, na kilichomo ndani

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe ya shokapu. Inafanya mambo mawili: inabonyea na inajizuia. Kubonyea ni kazi ya springi, iwe ya chuma au ya hewa. Kujizuia ni kazi ya oili inayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo ndani ya mguu mmoja, ili ikibonyea isirudi kwa pupa. Foko nyingi za bei ya chini zina la kwanza tu: springi ya chuma, kipande cha mpira, na miguu yenye unene wa milimita 28. Zina uzito wa kilo mbili na nusu hivi, na kwenye makorongo ya barabara ya changarawe zinakurusha badala ya kukutuliza.

Namna ya kuijua ukiwa sokoni: simama ubavuni, kandamiza usukani kwa uzito wako wote, kisha achia mikono ghafla. Foko yenye oili inayofanya kazi inapanda kwa adabu na kusimama. Isiyo nayo inaruka, tairi linaachana na ardhi, na utasikia "ta!" pale miguu inapogonga juu. Kama kuna kitufe cha kurekebisha kasi ya kurudi, mara nyingi chekundu chini ya mguu wa kulia, kizungushe mwisho mmoja, jaribu, kisha mwisho wa pili, jaribu tena. Usipoona tofauti, upande wa oili umekufa au haukuwepo.

Springi ya chuma ina tatizo lingine: kiwandani wamemkadiria mpandaji wa wastani. Binti wa kilo 50 anaweza kuipanda mwaka mzima isibonyee ipasavyo, na jamaa wa kilo 100 ataigonga mwisho kila shimo. Ya hewa unaijaza kulingana na kilo zako, na ndiyo maana naipendekeza kwa karibu kila mtu mwenye uwezo wa kuimudu. Ila itakudai pampu yake maalumu, ndogo yenye geji. Pampu ya tairi haifai: ujazo wake ni mkubwa mno kwa chumba kidogo kama kile.

Urefu wa mwendo si lolote bila haya. Foko ya kwanza ya kampuni ya RockShox, RS-1 ya mwaka 1989, ilikuwa na mwendo wa milimita 48 tu, lakini ndani mlikuwa na hewa na oili. Mwaka uliofuata mpandaji Mmarekani Greg Herbold alikuwa nayo aliposhinda mbio za kushuka kwenye mashindano ya dunia ya Durango, Colorado. Leo kuna foko za springi tupu zenye mwendo wa 100 ambazo nisingemfungia mwanangu. Kama hela yako inafikia hizo tu, kaa na foko ngumu, nunua tairi pana, punguza upepo kidogo. Utakuwa mwepesi zaidi na usukani utakutii.

Hatua ya 4: Sasa mwendo

Fremu yako ilichorwa kwa foko ya kimo fulani. Pima ya zamani kutoka katikati ya ekseli hadi chini ya kichwa chake, pale pete ya beringi inapokaa, na utafute mpya inayokaribia kimo hicho. Kila milimita 20 unazoongeza zinalaza pembe ya mbele kwa karibu digrii moja. Ukizidisha, gurudumu la mbele litatangatanga unapopanda, na shingo ya fremu itabeba mzigo ambao haikuandaliwa. Kwa fremu iliyochorwa kwa mwendo wa 100 mimi siendi zaidi ya 120.

Kwa njia zetu, 100 inatosha mtu wa barabara za vumbi na njia kama za Hell's Gate kule Naivasha. Njia za mawe na mizizi za Lushoto zinataka 120 hadi 140. Za 160 na kuendelea ni za mtu mwenye fremu yake maalumu na gari la kumpandisha juu. Unene wa miguu uendane na mwendo: 32 kwa safari nyepesi, 34 au 35 kwa njia ngumu, 36 na 38 kwa mashujaa.

Hatua ya 5: Kagua ya mtumba kabla ya kutoa hela

Pitisha ukucha taratibu juu ya miguu inayong'aa, kuzunguka pande zote. Ukucha ukikwama, mkwaruzo huo utakuwa unakata sili na kuvujisha oili. Angalia pia rangi: mguu mweusi au wa dhahabu wenye baka la kijivu upande wa nyuma umeliwa, na hakuna sili mpya inayoponya hilo.

Halafu funga gurudumu, bana breki ya mbele, weka kidole pale mguu wa juu unapoingia kwenye wa chini, tikisa baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi mchezo chini ya kidole, bushi, zile pete za ndani ambazo mguu unatelezea, zimekwisha. Ukihisi mchezo kwenye shingo, ni beringi tu, na hilo ni jambo dogo.

Foko ya hewa ijaze psi 80 (kipimo cha upepo kwenye geji), muombe muuzaji ilale hadi kesho uone kama imepoteza hewa. Anayeikataa kesho anajua kitu. Na andika namba ya mfululizo iliyochapwa juu yake, uulizie sili za toleo hilo kabla ya kununua. RockShox wanasema miguu ya chini ifunguliwe na kupakwa oili kila saa 50 za kupanda, na huduma kamili saa 200. Kwa vumbi la huku mwezi wa Agosti, mimi sisubiri hizo 50.

Hatua ya 6: Funga, kisha tafuta mshuko

Kata shina ukiwa umelipima na stemu ikiwa mahali pake. Kaza boliti za breki kwa Nm 6 hadi 8, kipimo cha nguvu ya kukazia. Sogeza kile kipete cha mpira kilicho kwenye mguu mpaka kiguse sili. Kama hakipo, funga kipande cha tai ya plastiki. Panda taratibu ukiwa na viatu na mkoba wako, ukae unavyoendesha, shuka bila kubonyeza. Umbali wa kipete kutoka kwenye sili ndio mshuko. Lenga asilimia 20: kwa foko ya 120 ni milimita 24. Ukizidi, ongeza psi 5 na urudie, ukipungua, punguza.

Kitufe cha kurudi kianzie katikati. Baada ya safari ya kwanza kaza tena shingo na boliti, kisha tazama kipete kimefika wapi. Kikiwa kimegonga mwisho kwenye njia ya kawaida, ongeza hewa. Kisipopita theluthi mbili hata kwenye mawe mabaya, toa kidogo.