Somo: Kilengeo cha tundu kisicholegea porini

Kiangazi kilichopita nilitoka Lubumbashi na bunduki inayopiga pale pale ninapolenga. Ina kilengeo cha tundu, yaani kile cha nyuma chenye kitundu unachochungulia ukitazama kilengeo cha mbele. Baada ya siku mbili za mashimo ya njia ya Mitwaba, ikawa inapiga shibiri nzima kushoto, shabaha ikiwa mita 50. Tundu lenyewe lilikuwa zima kabisa. Skurubu ya chini ndiyo ililegea. Tangu hapo nikinunua kilengeo naanzia miguuni, pale kinapokalia bunduki.

Hatua ya 1. Kiweke juu ya bunduki bila kukifunga, umulike tochi upande wa pili. Mwanga ukipenya chini yake, kirudishe dukani. Chukua cha chuma cha pua au chuma cha kawaida. Aluminiamu ni nyepesi, ila hesi zake huliwa upesi ukifungua na kufunga mara kwa mara.

Hatua ya 2. Kamata kile kipande kinachopanda na kushuka, kitikise kwa vidole. Ukisikia "tik", achana nacho. Vile vifundo vikubwa vya kuzungusha kwa mkono ni vya wanaopiga shabaha za karatasi. Porini mkanda wa begi utavizungusha usijue. Nataka kinachorekebishwa kwa bisibisi, chenye skurubu ya kukaza kila upande.

Hatua ya 3. Tundu la milimita 1 hivi ni la shabaha ya karatasi. Alfajiri ndani ya miombo utaona giza tupu. Langu ni milimita 4, mdomo mwembamba. Usihangaike kuliweka katikati, jicho litafanya lenyewe. Wewe tazama kilengeo cha mbele.

Hatua ya 4. Futa mafuta kwenye hesi, tia gundi ya skurubu ya buluu (nyekundu itadai moto siku ya kufungua), kaza. Kisha chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skurubu hadi kwenye chuma. Madame alilalamikia chupa yake, lakini mstari ukikatika najua kabla sijafyatua.

Kusahihisha: risasi ikikosa kwa sentimita 10 kwenye mita 50, na vilengeo vimeachana milimita 600, sogeza cha nyuma milimita 1.2, kuelekea unakotaka risasi iende.

MASWALI

— Papa, nina miaka 58, kile cha mbele nakiona ukungu. Nitafaidika?
Sana, mukubwa. Tundu dogo hunoa kinachoonekana, na jicho linaacha kugawanyika mara tatu kati ya nyuma, mbele na mnyama.

— Yaya, yangu ni .375, ya risasi nene. Nikifunge nyuma kabisa?
Hapana! Ile inarudi kwa nguvu, itakupasua nyusi. Kaa na bunduki begani kama unavyowinda, upime nafasi hapo ndipo ufunge.

— Mvua ikiziba tundu?
Puliza. Kwa tundu la 4 tone halikai sana. Njiani mimi nafunika kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

— Unaniuzia chako?
Hapana.