Studio yako ya filamu imekufa na unataka jina jipya? Soma hii kwanza

Tangu tufunge ile fremu ya studio yetu ya filamu pale Kirumba nimepigiwa simu na vijana wengi wa hapa Mwanza wenye studio zinazopumulia mashine, na karibu wote swali lao ni jina gani jipya zuri na logo iweje. Ndugu zangu, jina ni la mwisho kabisa. Mtu anakesha anachagua rangi wakati mama lishe aliyelisha watu wake wote siku nne za shutingi hajalipwa hata mia.

Anza na hadi diski, zile za kuhifadhia video. Hapa nasisitiza kweli. Siku tunahamisha vitu nilizikuta kumi na moja kwenye boksi la viatu, zimebandikwa masking tepu na maandishi ya peni, "KAYENZE SIKU YA 3 KAM B", nikachomeka moja ikaanza kulia tik tik tik na kompyuta haiioni. Ndani yake kulikuwa na usiku mzima wa wavuvi wa dagaa, taa za mitumbwi zimejipanga ziwani kama mtaa, na wale wadudu wa ziwani wamejaa kwenye mwanga mpaka muigizaji anaongea kafunika mdomo na kanga, kitu kama kile hurudii hata upewe hela. Kwa hiyo kabla hujauza kamera hata moja kopi kila kitu mara mbili, moja ikae kwako nyingine kwa mtu unayemwamini nyumba nyingine, andika kwenye daftari diski ipi ina nini, na lenzi zako ziweke kwenye kontena la plastiki lenye vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu maana hewa ya huku ziwani inaotesha fangasi kwenye kioo.

Filamu ndio mali yenyewe, hilo hata kwa wakubwa liko hivyohivyo. Kampuni ya Weinstein kule Marekani ilifungua shauri la kufilisika Machi 2018, kampuni ya Lantern wakanunua mali zake mwaka huohuo kwa kama dola milioni 289, walichokuwa wanakifuata ni maktaba ya filamu 277, jina la zamani wakaachana nalo na 2019 ikazaliwa Spyglass Media Group. Na usidhani kazi nzuri peke yake inaokoa studio, Orion Pictures walichukua Oscar ya filamu bora 1992 wakati tayari walishaomba ulinzi wa mahakama kwa madeni tangu Desemba 1991.

Haya, madeni. Nunua kaunta buku, andika kila mtu na kiasi chake, kisha nenda kwa miguu yako, usitume meseji. Sisi msambazaji aliyechukua filamu yetu hakutoa awamu ya pili ya hela na ndiyo iliyotuangusha, tulishalipia fremu miezi sita na taa tumekopa tukihesabia hela ambayo haijaingia. Iliniuma na bado inaniuma. Lakini yule mzee wa mtumbwi wa Igombe hakuandikiana na msambazaji, aliandikiana na mimi, nikaenda nikakaa naye kwenye jiwe pale ufukweni nikamwambia baba sina yote, nitakutumia elfu ishirini kila Jumamosi, akakubali. Anza na wadogo, wale wa kubeba taa na mama lishe. Mwanza ni ndogo, ukija na jina jipya hujawalipa watalijua kabla hujabandika bango.

Kisheria nako usichanganye mambo. Kama kwa BRELA, wale wasajili wa biashara na kampuni, ulisajili jina la biashara tu basi biashara ni wewe mwenyewe na madeni yanakufuata wewe, kubadilisha jina hakukusaidii kitu. Kama ni kampuni, wanahisa mnapitisha azimio, BRELA wanawapa cheti cha jina jipya, ila kampuni ni ileile na mikataba yake yote. Ukifunga fremu nenda TRA, watu wa kodi, ukaandike barua, usinyamaze tu ukadhani makadirio ya kodi yatajifuta. Na leseni ya biashara inafuata mahali: sisi Kirumba tulikuwa chini ya Manispaa ya Ilemela, tulivyohamia Mkolani tukaanza upya Jiji la Mwanza. Vibali vya Bodi ya Filamu vya jina la zamani vitunze kwenye faili moja na mikataba ya waigizaji, na mkigawana filamu na wenzako andikishianeni nani anamiliki ipi, hata kama ni mshikaji wako wa tangu shule.

Chaneli ya YouTube ndiyo inayovunja urafiki. Yetu ilifunguliwa na jimeili ya edita, na siku ya kuachana ndio tukakumbuka. Mwombe mapema kwa upole akuongeze kama mmiliki, na ujue ukishaongezwa kwenye akaunti ya brandi, ile inayoweza kuwa na wamiliki zaidi ya mmoja, inabidi usubiri siku saba ndipo uweze kuwa mmiliki mkuu. Jina la chaneli unaweza kubadili bila kupoteza wafuasi ila ndani ya siku 14 unaruhusiwa mara mbili tu, na kama ulikuwa na tiki ya uthibitisho inaondoka.

Sasa ndio chagua jina. Litafute BRELA kwanza kama halijachukuliwa, litamkike kirahisi na kondakta wa daladala.

Filamu za zamani ziachie logo yake ya zamani mwanzoni, usizikate zile sekunde sita. Dogo aliyetushikia maiki kule Kayenze alimwonyesha mama yake ile filamu kwenye simu, akaisimamisha palepale kwenye ile logo, akamwambia mama, hapa ndio nilikuwa nafanya kazi.