Muziki bila kupapasa kioo

Wenzangu tusioona, mnaotumia TalkBack, programu inayosoma kioo cha simu ya Android kwa sauti: kupata muziki, mwite msaidizi wa sauti wa Google kwa kusema "Hey Google", acha TalkBack imalize kuongea, ndipo utoe amri. Ukidakia, sauti zinachanganyika na unaletewa wimbo mwingine kabisa. Mimi nikitaka zeze na ilimba, ala za muziki za kwetu Ugogo, husema "Play Gogo music on YouTube". Kutaja programu kunasaidia sana.

Muziki ukizidi hadi msaidizi hakusikii, gusa kioo mara mbili upesi kwa vidole viwili. Unasimama papo hapo, ukirudia, unaendelea. Ishara hii ndiyo inayoniokoa kwenye daladala hapa Dodoma, konda anapoanza kutaja vituo. Kwenye iPhone yenye VoiceOver, kisoma kioo chake, ishara ni hiyo hiyo.

Na ukitembea barabarani, tafadhali, sikio moja lisiwe na kifaa. Bodaboda ni nyingi.