Somo: kugawana siku za watoto mkiwa mmetengana (soma kabla ya kuniandikia faraghani)

Wiki hii nimeulizwa mara nne, na swali ni lile lile: tumetengana, watoto tutawagawanaje? Naandika mara moja. Ukiniuliza tena nitakurudisha hapa.

Mimi si wakili. Ni baba wa wawili, msichana wa miaka tisa na mvulana wa mitano. Wanaishi na mama yao Kasarani, mimi niko Donholm, zote Nairobi. Tuna miaka mitatu tangu tutengane, na ule wa kwanza tuliuvuruga vilivyo.

Kabla ya lolote: kama kuna kipigo, vitisho, au mtoto anaumizwa, somo hili si lako. Nenda polisi au kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako, au piga 116, ni bure. Ipo sheria ya 2015 ya kukinga watu na dhuluma za nyumbani, na mahakama inaweza kukupa amri ya ulinzi. Usikae mezani kupanga ratiba na mtu unayemwogopa.

Hatua ya 1. Waambieni watoto mkiwa wote wawili. Sentensi chache. Nani alimkosea nani, hayo yaacheni.

Hatua ya 2. Chukueni kalenda ya shule, mihula yote mitatu, na likizo fupi za katikati ya muhula.

Hatua ya 3. Gawanyeni siku kwa kufuata maisha ya mtoto. Nusu kwa nusu inapendeza kwenye karatasi, lakini kama shule iko Kasarani na baba yuko Donholm, mtoto ataamka saa kumi na nusu alfajiri ili nyinyi wawili muwe sawa. Kwetu siku za masomo wako kwa mama, kila wikendi ya pili kwangu, na Jumatano jioni naenda huko huko kuwaona na kufanya nao homuweki.

Hatua ya 4. Andikeni SAA na MAHALI. Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo vumilieni urefu.

Karatasi yetu ya kwanza ilikuwa na mistari sita, na mmoja ulisema baba atakaa na watoto "wikendi mbili kwa mwezi". Tukatia sahihi, hata chai tukanywa. Ijumaa ya kwanza nikatoka kazini mapema, saa tisa na nusu nikawa langoni pa shule, nikawachukua. Kwangu wikendi huanza kengele ya Ijumaa ikilia. Kwa mama yao ilianza Jumamosi asubuhi, binti akishasukwa. Basi la shule likafika Kasarani bila watoto. Mimi niko kwenye matatu, barabara ya Outering imefunga, simu imezima, watoto wanakula njugu, raha tele. Saa moja usiku nachaji simu nyumbani, nakuta nimepigiwa mara 31. Alikuwa ameshaenda kituoni, ameandikisha, ana namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi.

Simlaumu. (Usiku ule nilimlaumu sana, kwa sauti, binti akiwa amesimama mlangoni.) Tulielewana baada ya siku mbili, lakini kwa miezi kadhaa kila nikimchukua Ijumaa mtoto aliuliza kwanza, "Mama anajua?"

Basi msiandike "wikendi". Andikeni: kuanzia Ijumaa saa tisa na nusu, langoni pa shule, hadi Jumapili saa kumi jioni, mlangoni kwa mama. Saa kumi, si saa mbili usiku, maana kuna kuoga, kula, na sare ya Jumatatu. Andikeni nani mwingine anaruhusiwa kuwachukua, mpeni mwalimu wa darasa majina hayo. Andikeni mtu akichelewa anatuma ujumbe kabla ya dakika ngapi, na simu ikizima ni nani anayepigiwa. Kama hamuwezi kusalimiana bila kurushiana maneno, pokezaneni kupitia shule: mmoja anawapeleka asubuhi, mwingine anawachukua jioni, hamkutani. Na kamwe msitume ujumbe kwa kinywa cha mtoto. "Mwambie baba yako karo haijalipwa" ni mzigo ambao mtoto wa miaka tisa hana mahali pa kuutua.

Hatua ya 5. Likizo. Za Aprili na Agosti gawanyeni katikati. Desemba hupigana hata waliopatana mwaka mzima, kwa hiyo tumieni mwaka: namba shufwa Krismasi kwa mama, witiri kwa baba, Mwaka Mpya kinyume chake. Waislamu andikeni "Idi", msiandike tarehe. Mwezi hauitwi mkutanoni.

Hatua ya 6. Pesa ziwe karatasi nyingine. Matumizi hayanunui siku, na siku hazifuti matumizi. Tuma kwa M-Pesa, hifadhi ujumbe.

Hatua ya 7. Mkishakubaliana, tieni sahihi. Afisa wa watoto anaweza kukaa nanyi mkikwama, na makubaliano yanaweza kupelekwa Mahakama ya Watoto, kwa Nairobi ni Milimani, yakawa amri. Yakishakuwa amri, anayeyavunja anajibizana na hakimu, si na wewe. Wasio na pesa za wakili waulize mashirika ya msaada wa kisheria, FIDA Kenya au Kituo cha Sheria.

Maswali hapa chini.

Ua la Rongai: Kaka sijasoma yote niko kazini. Kama hatoi matumizi naweza kumkatalia asione mtoto?

Mwandishi: Hatua ya 6.

Ua la Rongai: Si ungejibu tu ndiyo ama hapana.

Mwandishi: Hapana.

Mama Kendi: Asante kwa hili. Wangu ana miezi kumi na minne, bado ananyonya. Babake anataka alale kwake kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Sitaki kumnyima, lakini naogopa. Nianzie wapi?

Mwandishi: Mama Kendi, swali zuri, hata mimi ningepaswa kuliandika juu. Mtoto wa umri huo hajui Jumapili ni lini. Akikaa siku tatu bila harufu yako, kwake umepotea. Na akikaa wiki mbili bila baba, naye anakuwa mgeni. Kwa hiyo ziara fupi, mara nyingi: saa mbili tatu, mara mbili au tatu kwa wiki, karibu na kwako, nje ya saa za kulala mchana. Baba amlishe, amwogeshe, ambadilishe nepi. Asije kumbeba tu na kupiga picha. Akizoea, siku nzima. Halafu usiku mmoja, na shuka lake la kawaida liende naye, bila kufuliwa. Andikeni kabisa kwamba mtaitazama ratiba upya kila miezi sita, ili babake aone mlango haujafungwa.

Mama Kendi: Hilo la shuka sikulifikiria. Ubarikiwe.

Auntie Wambo: Wanaume mnapenda wikendi. Chipsi, bembea, mtoto anarudi amefurahi. Kukohoa usiku wa Jumanne ni kwa nani?

Mwandishi: Nimeandika Jumatano naenda kufanya homuweki. Wiki jana nimekata kadibodi ya CBC, mtaala wa shule, hadi saa tatu usiku.

Auntie Wambo: Jumatano moja.

Mwandishi: Ni kila Jumatano. Lakini kikohozi cha Jumanne ni cha mama yao, kweli. Siwezi kubishana na hilo.

Kijana wa Githurai: Na kama hamkuoana? Tulikaa tu pamoja miaka minne.

Mwandishi: Ibara ya 53 ya Katiba inasema wajibu wa baba na mama kwa mtoto ni sawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 inafuata hapo hapo. Ratiba ni ile ile.

Baharia: Nafanya kazi bandarini Mombasa, watoto wako Nairobi. Wikendi kila wiki mbili haiwezekani. Nimeshakuwa baba wa simu?

Mwandishi: Hapana, ndugu yangu. Chukua sehemu kubwa zaidi ya likizo badala ya wikendi, muandike hivyo. Treni ya Madaraka inawafikisha siku hiyo hiyo, mtu mzima awe nao. Simu nayo iwe na saa yake: siku mbili kwa wiki, kabla ya chakula cha jioni. Usiulize "shule ilikuwaje", utaambiwa "poa". Nunua vitabu viwili vya hadithi vinavyofanana, kimoja kikae kwao kimoja kwako, msome ukurasa mmoja mmoja. Dakika kumi zinatosha.

Baharia: Nitajaribu hicho cha vitabu.

Ua la Rongai: Nimesoma yote sasa. Pole kwa mapema. Hiyo ya OB imenigusa. Swali la kweli: vitu vya mtoto mnafanyaje? Kila akirudi kuna kitu kimebaki kule.

Mwandishi: Hakuna neno. Kwangu kuna mswaki, nguo za kulala, malapa, na seti ya pili ya sare, soko la mitumba la Gikomba halikunishinda bei. Kinachosafiri ni begi la shule na dawa tu. Kijana wangu ana pumu, inhela moja inakaa begini daima, nyingine kwa kila nyumba.

Mama Kendi: Sweta je? Sisi ni sweta.

Mwandishi: Jina ndani ya kola, kwa uzi, si kalamu. Kalamu inafutika ikifuliwa.

Auntie Wambo: Ya wangu ina jina kwa uzi na bado amerudi na ya mtoto mwingine.

Mwandishi: Hiyo haihusiani na kutengana. Hata sisi tuna moja ya mtu anaitwa Brayo.